Mchezo Mchokozi na Mchezo Mngojezi

Kuna rasimu ya istilahi za michezo inayopita mikononi mwa walimu siku hizi, na humo sataranji imegawanywa mara mbili: kuna "mchezo vamizi" na kuna "mchezo tendwa". Waliokaa kikao kile wana shahada zao, siwabishii. Ila wangepanda gari wakaja Tarime kabla ya kupiga muhuri.

Aliyeko Masaki anaweza kumwita mwanafunzi "mvamizi" na asishtuke mtu. Hapa Nyakunguru, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, mvamizi ni kijana aliyeingia eneo la mgodi kutafuta mawe, na habari yake haiishi bila polisi kutajwa. Mwambie mama wa hapa kwamba mwanawe ni mvamizi hodari uone kama atakuuliza ameanza na kitunda gani.

"Tendwa" nayo imechotwa kwenye sarufi, katika ile kauli ya chapa na chapwa. Lakini mchezo gani usiochezwa? Kwa hesabu hiyo michezo yote ni tendwa, na istilahi imekwisha kazi kabla haijaanza.

Wengine wameridhika na "kushambulia" na "kujihami", maneno ya watangazaji wa mpira, ndugu zake "kupaki basi". Hayo angalau yana adabu, ila yanajibu swali jingine. Tigran Petrosian, bingwa wa dunia tangu 1963 hadi 1969, alijihami kuliko wote wa zama zake, na hakuna mjuzi aliyemdhania mnyonge: hatari aliinusa na kuizima kabla mpinzani hajaiwaza. Kinachokosolewa na makocha ni kitu tofauti kabisa. Ni ile ngome iliyojibanza nyuma ya kitunda kimoja ikikilinda, haina safari yake yenyewe, inasubiri mpinzani aamue ndipo nayo ijue la kufanya.

Na kushambulia? Nendeni kwenye drafti, chini ya mti wowote hapa, vizibo vya soda juu ya ubao. Kula ni lazima. Fundi anamlisha mwenzake kizibo kimoja, mwenzake hana hiari, anakula na kutua pale pale asipopataka. Fundi anaruka, anazoa vitatu. Hatua iliyouma ilikuwa ya kutoa. Mikhail Tal, aliyemvua Botvinnik ubingwa mwaka 1960, aliishi kwa kutoa hivyo hivyo, ingawa kwenye sataranji kula si lazima na mpinzani angeweza kukataa. Wazungu huita kafara ya mwanzoni gambiti, na padri Mhispania Ruy López alilitumia neno hilo kitabuni mwaka 1561. Limetoka Kiitaliano, kwenye neno la mguu. Ni kupiga ngwala, basi! Tungelikuwa na kamati yenye masikio, "ngwala" ingekuwa istilahi ya sataranji zamani.

Ndiyo maana nasimama na *kuchokoza*. Chokoa ni kuingiza kijiti tunduni. Chokoza, naamini, ni mtoto wake: unamtia mtu kijiti mpaka atoke alipojificha. Hapo mna yote: nia, hatua ya kwanza, na mpinzani kulazimika kujibu. Halibagui kama umetoa kete au umekula. Nimeambiwa eti ni neno la watoto wanaogombana. Sataranji yenyewe ilitoka Kisanskriti, ilikomaanisha vikosi vinne, yaani tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu, ikapita kwa Waajemi na Waarabu hadi ikafika pwani yetu, na njiani hakuna aliyeiuliza umri.

Kwa upande wa pili nasema *kungojea*. Mwenzangu mmoja, ambaye kila istilahi lazima aifukue kwenye bao, anashikilia "kutakata", yaani kusambaza kete bila kula. Apitie sheria upya: mchezaji wa bao hutakata kwa kuwa hana cha kula, hata awe na moto wa simba. Hiyo ni amri ya mchezo, haihusu tabia ya mchezaji. Amesema pia kwamba mngojezi katika kamusi za zamani ni mlinzi, kwa hiyo nimerudi kwenye kujihami kwa mlango wa nyuma. Sikurudi. Mlinzi apigaye doria anatafuta. Mngojezi amekaa mlangoni mpaka abishiwe hodi. Ile ngome iliyojibanza hufanya nini kingine?

Matumizi hayana ugumu, mradi tusivue viambishi kama wanavyopenda wanakamati: mchezo mchokozi, mbinu chokozi, kitunda kichokozi, mchezo mngojezi, ngome ngojezi, farasi mngojezi. Nomino ni uchokozi na ungojezi. Barua niliyowaandikia kuhusu hayo bado haijajibiwa, nao wanangojea kitu gani sijui.