Nyayo za Nyumbu Juu ya Ramani

Somo la leo ni la historia, lakini tutahitaji ramani. Ifungueni mezani. Tafuteni Ziwa Viktoria, kisha pelekeni kidole mashariki mpaka mwone jina Serengeti.

Juu ya nchi hiyo, mwezi wa Januari 1958, iliruka eropleni ndogo iliyopakwa rangi mistari mistari kama punda milia. Ndani yake walikuwamo Wajerumani wawili, baba na mwana: Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt, na kijana wake Michael.

Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, nao walikusudia kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1951. Upande wa mashariki, pamoja na Ngorongoro, ungeondolewa katika hifadhi, na upande wa kaskazini ungeongezwa nchi mpya. Mstari ulikuwa umekwisha kufikiriwa juu ya karatasi. Lakini je, wanyama wenyewe walikwenda wapi mwaka mzima? Jambo hilo lilikuwa halijachunguzwa sawasawa.

Basi wale wawili wakaanza kuhesabu. Waliigawa nchi vipande vipande, wakaruka chini chini juu ya kila kipande. Walipata wanyama wakubwa kama 367,000, na kati yao nyumbu walikuwa kama 99,000. (Nyumbu ninaowasema ni wale wa porini wenye ndevu, si wale wa kubeba mizigo.) Lakini hesabu hukuambia ni wangapi tu, haikuambii wanakwenda wapi. Kwa hiyo wakawavisha baadhi ya wanyama mikanda ya rangi shingoni, ili wapate kuwatambua tena. Wakafuata makundi kutoka angani, wakatia alama ramanini.

Alama moja haisemi kitu. Alama nyingi zikipangwa kwa tarehe huwa njia. Na njia ile ilivuka ule mstari wa karatasi. Wakati wa mvua nyumbu walikuwa kwenye nyanda za majani mafupi upande wa mashariki, na sehemu kubwa ya nyanda hizo ndiyo iliyokusudiwa kuondolewa.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Eropleni iligonga tai angani, ikaanguka, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Mwaka huohuo mipaka ilibadilishwa, na upande wa mashariki ukaondolewa kama ilivyokusudiwa.

Hapa sitaki kuwapa nusu ya habari. Wamasai waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani ya Serengeti walihamishwa, na wengi wakaenda upande wa Ngorongoro. Grzimek mwenyewe aliamini kwamba hifadhi isiwe na watu kabisa. Mimi naona alikosea kulisema jambo hilo kwa wepesi vile. Ramani ya nyumbu huonyesha nyumbu tu. Kisima cha mfugaji na kaburi la babake hazimo, mpaka mtu azichore.

Sasa turukie miaka ya karibu. Mwaka 1961, katika hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Craighead walimvisha dubu mkanda wenye redio, wakamfuata kwa mlio wake. Siku hizi mkanda hupata habari za mahali ulipo kutoka kwa setilaiti, na nyumbu wa Serengeti nao wamevishwa mikanda ya namna hiyo. Nambari huja nyingi mno, jicho haliwezi kuzisoma. Ndipo inapohitajika hifadhidata, yaani daftari la kompyuta lenye safu na mistari.

Daftari hilo si la kutisha. Safu ya kwanza ni jina la mnyama, ya pili tarehe, ya tatu latitudo, ya nne longitudo. Tuseme nyumbu wetu alikuwa hivi: Februari, latitudo 3.0 kusini, longitudo 35.1 mashariki. Juni, 2.2 kusini, 34.3 mashariki. Agosti, 1.6 kusini, 34.9 mashariki. Kila mstari wa daftari ni nukta moja. Kompyuta huziunga nukta kwa tarehe, kisha huilaza njia hiyo juu ya ramani ya mito, na juu yake tena ramani ya mipaka, kama karatasi nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Lakini angalieni makosa. Kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiisahau, nyumbu wako wa Februari ataonekana nchi ya Turkana, upande wa Lodwar, kaskazini ya Kenya! Ukibadilisha safu mbili za mwisho, atatokea Morocco, karibu na mji wa Nador. Na ukiiacha kompyuta ipange miezi kwa alfabeti, Agosti itatangulia Februari, na mnyama atatembea safari ambayo hakutembea kamwe. Kompyuta haitakuuliza kama nyumbu amekwenda Morocco kweli. Itachora tu.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukueni karatasi nyeupe, mwipake mafuta ya kupikia kidogo, mwiache ikauke mpaka mwanga upite. Ilazeni juu ya ramani, mchore mpaka wa Hifadhi ya Serengeti. Juu ya karatasi ya pili tieni nukta zetu tatu, mziunge kwa kalamu. Kisha, juu ya karatasi ya tatu, choreni jambo moja ambalo mngetaka lionekane, kama mkiwa wenyeji wa nchi ile: kisima, njia ya ng'ombe, au boma. Walimu, tafadhali ziwekeni karatasi zote tatu pamoja, tutazizungumza katika somo lijalo. Kwaherini.