Nyayo Zilizoileta Lugha: Kutoka Misafara ya Wapagazi hadi Kisenyi

Wasomaji wa jarida hili ni walimu, nao hawatashangaa nikisema kwamba makala haya yalianzia katika upungufu wa msamiati. Mwanafunzi wangu mmoja, mkimbiaji wa mbio ndefu, alinijia akichechemea, akasema, "Mwalimu, mguu unaniuma." Nikamwuliza kama ni goti, muundi au kifundo. Akajibu kwa Kiganda kwamba si okugulu, bali ni ekigere. Hapo nikanyamaza kidogo. Kiganda kina neno la mguu mzima na neno jingine la ile sehemu ikanyagayo ardhi. Kiswahili chetu cha kila siku huziita zote mbili mguu, na atakaye kupambanua hana budi kusema unyayo au wayo, maneno ambayo kwa haki yake ni ya upande wa chini tu.

Lakini lugha hiyo hiyo, inayoonekana maskini hapo, ni tajiri ajabu mara tu unyayo unapoumia. Lengelenge ni ngozi iliyofura maji kwa msuguano. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kazi. Magaga ni mipasuko ya kisigino. Mtoki ni uvimbe wa kinena unaotokea kwa sababu ya kidonda kilichoko chini mguuni. Nani angeliunda neno hilo isipokuwa watu waliokwisha kuona mara nyingi kwamba jeraha la kidole hupanda hadi kinenani? Kisha kuna donda ndugu, kuteguka, kukwaa, kuchopea na kuchechemea. Sisemi kwamba maneno haya yote yalizaliwa katika misafara. Nasema kwamba watu wa misafara waliyahitaji kila siku.

Kiswahili kilifika Buganda kwa miguu. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika jumba la Kabaka Suna mnamo 1844. Speke alifika kwa Mutesa mwaka 1862 akiwa na watu wa pwani, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay. Katika vitabu tulivyosomeshwa utotoni, safari hizo zilikuwa za mabwana wenye viatu. Walioubeba mzigo walikuwa wapagazi, Wanyamwezi na Waungwana wa pwani, kila mmoja na frasila mbili begani au kichwani, yaani kama kilo 32, siku baada ya siku kwa miezi. Wengi walitembea peku, na walipoingia katika mawe au miiba walivaa ndara za ngozi ambazo aghalabu walizikata wenyewe. Leo tunamwita mwanariadha mtu anayekimbia kilomita 42 kisha akapumzika. Sijui tumwiteje yule.

Kwa mpagazi kidonda cha unyayo hakikuwa jambo dogo. Mwenye homa aliweza kungojewa siku moja mbili. Asiyeweza kukanyaga aliwapa wenzake mzigo wake, na msafara ulipokuwa na njaa au hofu aliachwa kijijini, akipata bahati ya kijiji. Wala bwana mwenye viatu hakuokoka. Mwaka 1870, Livingstone alilala huko Bambarre, katika nchi ya Wamanyema upande wa mashariki ya Kongo, siku 80 kwa vidonda vilivyokula nyayo zake. Alikuwa amebakiwa na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Dawa iliyomfaa, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Aliandika kwamba hakuna kingine kilichosaidia. Tukitazama kwa elimu ya leo si ajabu, kwani shaba huua vijidudu; lakini yamkini siku 80 za kulala nazo zilifanya sehemu yao ya kazi. Baada ya miaka mitatu, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kutoka kwa Chitambo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Habari za nyayo zao hazikuandikwa.

Kisha likaja balaa jipya. Funza, ambaye wengine humwita tekenya na Waganda humwita envunza, si mwenyeji wa bara letu. Aliletwa Angola mwaka 1872 katika meli iliyotoka Brazili, akafuata njia za misafara kuelekea mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kufika pande za Ziwa Viktoria na Buganda. Jike huingia chini ya ngozi, hasa kando ya ukucha, akavimba kwa mayai hata akawa kama punje ya njegere. Mwanzoni watu hawakujua la kufanya, wakapoteza vidole. Mara wakajifunza kumtoa mzima kwa mwiba au pini bila kumpasua, na kazi hiyo ikawa ustadi wa akina mama na watoto wenye macho makali. Hatari ni pini moja kupita miguuni mwa watu wengi, maana hupitisha maradhi mengine, na tundu lililobaki ni mlango wa pepopunda. Siku hizi kuna mafuta ya dimethikoni, ambayo humziba pumzi akafa pasipo kuchokonolewa.

Madaktari Cook na wenzake walitembea kutoka Mombasa mwishoni mwa 1896, wakafika Mengo Februari 1897, na mwaka huo huo ikaanzishwa Hospitali ya Mengo katika kilima cha Namirembe. Chini ya vilima hivyo ndiko iliko Kisenyi. Jina lenyewe laeleza mahali: ni bonde. Wataalamu Southall na Gutkind walipoichunguza katikati ya miaka ya 1950 waliwakuta humo watu wa makabila mengi waliokuja mjini kutafuta riziki, na hali ni hiyo hiyo leo, ila Wasomali wameongezeka. Katika Barabara ya Kafumbe Mukasa Kiswahili husikika pamoja na Kiganda na Kisomali, nacho hakiulizi ruhusa kwa wizara yoyote.

Huko ndiko nilikompeleka mwanafunzi wangu baada ya hospitali. Lakini sharti kwanza niungame. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, akarudi kukimbia. Ya pili, majuma matatu baadaye, ilionyesha ufa katika mmoja wa mifupa mirefu ya wayo, pamoja na mfupa mpya uliokuwa ukianza kuuzunguka. Maradhi hayo yana historia yake: daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliyaeleza mwaka 1855 kwa askari waliovimba nyayo kwa kutembezwa mno, naye hakuweza kujua kwamba mfupa umepata ufa, kwa kuwa eksirei haikugunduliwa hadi 1895. Nilipomwuliza kijana kwa nini alikimbia na maumivu mwezi mzima, alijibu kwa adabu, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyetupa insha ya Akhwari."

Ni kweli. Kila mwaka huwapa insha ya John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Katika mbio hizo hizo alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma peku mwaka 1960 kwa kuwa viatu alivyopewa havikumkaa, na akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Mexico Bikila alianza na mguu mbovu, akaacha kabla ya nusu ya njia. Katika miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuwapa insha ya Bikila aliyeacha. Simpunguzii Akhwari heshima yake. Lakini yeye alikuwa mtu mzima mbele ya Olimpiki, na kijana wangu alikuwa akijizoeza tu.

Fundi wa Kisenyi hukata ndara za magurudumu ya gari, ambazo Kampala huitwa lugabire, Kenya akala na Tanzania katambuga. Nilimwonyesha viatu vya mbio vya kijana, vya mitumba kutoka Owino. Mzee alivipindua, akabonyeza sifongo kwa dole gumba, akasema, "Mwalimu, hivi vimekufa zamani. Na huyu anakanyagia ukingo." Soli ya kushoto ilikuwa imelika upande wa nje, palepale juu yake ulipo mfupa uliopata ufa. Daktari hakuvitaka viatu avitazame.

Tiba yenyewe haikuwa na miujiza: majuma sita bila kukimbia hata hatua moja, baiskeli kwa ajili ya pumzi, kisha kutembea, kisha dakika moja ya mbio na dakika mbili za kutembea, akiongeza iwapo tu asubuhi ya pili hapaumi. Kijana alitaka barafu, kwa kuwa alisoma mahali. Ushauri maarufu wa barafu na kupumzika ulitungwa na daktari Mirkin wa Marekani mwaka 1978, na mwaka 2014 mwenyewe alikiri kwamba barafu yaweza kuchelewesha kupona. Kwa ufa wa mfupa, hata hivyo, kupumzika hakujabatilishwa na mtu.

Juma la kumi alikimbia dakika 20 mfululizo. Viatu vya zamani vimebaki kwa fundi, ambaye amechukua kamba zake na kutupa soli, na insha ya mwaka huu nimeigawa sehemu mbili: Akhwari kwa darasa moja, Bikila wa Mexico kwa jingine.