Miaka 35 bila Askofu Muge: Waliokataa mlolongo na wanaopokea bahasha

Zogo kuhusu kanisa lililokuwa likijengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi lilizuka Julai 2025 baada ya gazeti la Daily Nation kulianika. Rais William Ruto alisema analijenga kwa pesa zake mwenyewe. Waliompinga walimsomea Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010, ambacho ni sentensi moja tu: Kenya haina dini ya taifa. Kelele hizo zilikutana na kumbukumbu nzito. Agosti 14, 2025 ilitimia miaka 35 tangu Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Kianglikana afariki barabarani akirudi kutoka Busia.

Wakati huo hapakuwa na Kifungu cha 8. Mpaka kati ya madhabahu na serikali ulilindwa na watu wa kanisa wenyewe, tena kwa gharama kubwa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chini ya ukoloni misheni na utawala vilikwenda bega kwa bega, hata ikafika 1924 mmishonari John Arthur akateuliwa kuwasemea Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya uhuru makanisa mengi yalinyamaza, ingawa 1969 Kanisa la PCEA lilisimama kupinga viapo vya siri vilivyokuwa vikiendeshwa eneo la Kati.

Kilichowaamsha maaskofu ni mlolongo. Agosti 1986 chama cha Kanu kiliamua kwamba katika mchujo wapiga kura watapanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao au wakala wake. Wachungaji wapatao 1,200 waliokutana chini ya Baraza la Makanisa (NCCK) walikataa. Hoja yao ilikuwa rahisi: mchungaji anayeonekana na kijiji kizima amesimama nyuma ya mtu fulani atawahubiria vipi wale waliopanga foleni nyingine? Serikali ilikasirika, na Kanisa la AIC, alikoabudu Rais Daniel arap Moi, likajiondoa katika NCCK.

Uchaguzi wa 1988 uliwapa haki wachungaji hao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alitangazwa mbunge bila kura ya siri. Watu waliona kwa macho foleni ndefu hapa na fupi pale, kisha wakasikia mwenye foleni fupi ndiye mshindi. Rufaa ungeikata kwa ushahidi gani, ilhali hapakuwa na karatasi hata moja na foleni ilikwisha kutawanyika? Jarida la Beyond la NCCK liliandika wizi huo likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Muge hakuwa mtu wa kutishika. Kabla ya kuvaa joho alikuwa askari wa kikosi cha polisi cha GSU, na tangu awe askofu 1983 alisema waziwazi kuhusu njaa ya Pokot, unyakuzi wa ardhi na ufisadi. Mwaka 1990 ulianza na Mchungaji Timothy Njoya kuhubiri kwamba tawala za chama kimoja zingeanguka Afrika kama zilivyoanguka Ulaya Mashariki. Februari akauawa Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko. Nchi ilikuwa imejaa hofu.

Ni katika hofu hiyo ambapo Waziri wa Leba, Peter Okondo, aliwaonya hadharani Muge na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wasikanyage Busia. Wakithubutu, alisema, wataona moto na huenda wasitoke hai. Muge akajibu kwamba ataenda, akaitaja na siku, na kuongeza kwamba akiuawa, damu yake isiyo na hatia itamwandama waziri huyo. Jumanne, Agosti 14, akaenda. Alikutana na waumini, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Karibu na Kipkaren gari lake likagongana na lori la maziwa. Siku chache baadaye Okondo alijiuzulu.

Dereva wa lori alifungwa, na serikali ikasema ni ajali. Wakenya wengi hawakuamini, na miaka mingi baadaye afisa mmoja wa zamani wa polisi aliiambia Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba kifo hicho kilipangwa na vyombo vya usalama. Hadi leo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Ni aibu kwamba familia na dayosisi zimeachiwa tetesi mahali palipostahili uchunguzi wa mahakama.

Mlolongo ulifutwa Desemba 1990, na vyama vingi vikarudi mwaka uliofuata. Baada ya Kanu kushindwa 2002 viongozi wa dini walizoea kukaa karibu na wakubwa, na Februari 2008, damu ikiwa imekwisha kumwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, NCCK iliwaomba radhi Wakenya kwa kuegemea upande.

Siku hizi mwanasiasa huja Jumapili na msafara, hukabidhiwa kipaza sauti baada ya mahubiri, huwatukana wapinzani wake, kisha hutoa bahasha ya harambee huku kwaya ikishangilia. Wapo waliokataa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu katika ibada huko Butere. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza Sh2.6 milioni alizotoa Rais katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe, na ahadi ya Sh3 milioni zaidi ikakataliwa.

Hao ni wachache mno. Maaskofu wanaomkumbuka Muge wasiishie kwenye shada la maua. Waidai serikali ifungue upya faili la Kipkaren, na Jumapili inayofuata wamwache mgeni wa heshima akae kwenye benchi kama muumini mwingine yeyote.