Banquo na Nasaba ya Akina Stewart

Msomaji wa tamthilia ya Macbeth, iwe katika Kiingereza cha Shakespeare au katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, huachwa na swali. Wachawi wamemtabiria Banquo kwamba atazaa wafalme ingawa yeye mwenyewe hatatawazwa. Banquo anauawa, mwanawe Fleance anatoroka, kisha mchezo unakwisha Malcolm akiwa mfalme. Je, wafalme hao wako wapi?

Jibu limo nje ya tamthilia. James wa Kwanza, mfalme wa Scotland aliyerithi pia kiti cha Uingereza mwaka 1603, alikuwa wa ukoo wa Stewart, na ukoo huo ulidai kutokana na Banquo. Dai hilo ni bunilizi. Macbeth alitawala kweli, kuanzia 1040 hadi 1057, lakini Banquo alizuka katika historia ya Scotland iliyoandikwa na Hector Boece na kuchapishwa mwaka 1527.

Asili halisi ya ukoo huu haina wachawi. Wahenga wao walikuwa wasimamizi wa nyumba ya askofu wa Dol, huko Brittany. Alan, mmoja wao, alihamia Uingereza enzi ya Henry wa Kwanza akapewa ardhi. Mwanawe, Walter, akaenda Scotland, ambako Mfalme David wa Kwanza alimfanya msimamizi wa nyumba ya kifalme. Kazi hiyo ikawa ya kurithiwa, mashamba ya Renfrew yakaandamana nayo, na cheo chenyewe kikageuka jina: Stewart maana yake ni msimamizi tu.

Kiti walikipata kwa ndoa. Mwaka 1315 msimamizi wa sita, Walter vilevile, alimwoa Marjorie, binti ya Mfalme Robert Bruce. Marjorie alifariki mapema akamwacha mwana, Robert, aliyezaliwa 1316. Mjomba wake, David wa Pili, alizaliwa 1324. Yaani mpwa alimzidi mjomba umri kwa miaka minane! David alipofariki mwaka 1371 bila mtoto, Robert alitawazwa akiwa na umri wa takriban miaka 55.

Mhakiki asiyeujua usuli huu atasema Banquo amewekwa ili uadilifu wake uuangaze uovu wa Macbeth. Si kosa, ila ni nusu ya jibu. Katika tarihi ya Holinshed, aliyoitegemea Shakespeare, Banquo anashiriki njama ya kumuua Duncan. Mtunzi amemtakasa, na kwa maoni yetu hakuwa na hiari: nani angethubutu kumwonyesha mfalme kwamba babu yake alikuwa muuaji?

Hata msururu wa wafalme wanane katika kitendo cha nne umechujwa. Mary, mama yake James, aliyetawala Scotland na kukatwa kichwa Uingereza mwaka 1587, hana nafasi humo.