Subira ya Jenerali Doriot

Zikitajwa fedha zinazokuza kampuni changa za teknolojia, wengi hufikiria California. Mzizi wake, hata hivyo, uko Boston, ambako American Research and Development, yaani ARD, ilianzishwa mwaka 1946. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Karl Compton, rais wa chuo cha MIT. Usukani alikabidhiwa Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa na profesa wa Harvard, aliyepata ujenerali katika ugavi wa jeshi la Marekani. Vita vilikuwa vimeacha maabara zilizosheheni ujuzi uliogharamiwa na serikali, lakini mvumbuzi asiye na dhamana hakukopesheka benki, na familia tajiri za kumfadhili zilikuwa chache. ARD iliuza hisa zake kwa umma. Aliyetaka kutoka aliuza hisa zake sokoni, na fedha zenyewe zikabaki kazini bila tarehe ya kurejeshwa. Naamini mpango huo, kuliko jicho la kuteua washindi, ndio uliojenga jina la ARD.

Ushahidi mkubwa ni kampuni ya Digital Equipment. Mwaka 1957, Ken Olsen na Harlan Anderson, wahandisi kutoka maabara ya Lincoln ya MIT, walipewa dola 70,000 za kuianzisha na ARD ikachukua asilimia 70 ya hisa. Walishauriwa wasitaje kompyuta katika maombi yao, kwa kuwa wawekezaji walikuwa wakiiogopa biashara hiyo. Wakapanga ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufu mjini Maynard, wakaanza na vipande vya saketi vya kuuzia maabara, ndipo wakaingia kwenye kompyuta. PDP-8, mashine ya dola 18,000 iliyowafungulia soko pana, ilitoka mwaka 1965. Mwaka uliofuata Digital iliuza hisa kwa umma, na baada ya miaka michache fungu la ARD lilipita thamani ya dola milioni 350.

Wako wanaosema hiyo ilikuwa bahati tu, maana uwekezaji huo mmoja uliizidi mingine yote kwa mbali. Bahati ilikuwamo, sikatai. Lakini bahati iliyochukua miaka minane kufika PDP-8 haimfikii mwekezaji aliyekwisha kuuza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ARD yenyewe haikudumu: mwaka 1972 ilimezwa na kampuni ya Textron. Tuangalie basi kilichoiumiza. Sheria zilizobana kampuni za uwekezaji za umma ziliwazuia wafanyakazi wake kupata hisa katika kampuni walizozilea. Mmoja wao, Charles Waite, aliihangaikia kampuni ya Optical Scanning hadi mkuu wa kampuni hiyo akawa na utajiri wa dola milioni 10. Waite aliongezewa mshahara wa dola 2,000. Aliondoka. Mwenzake Bill Elfers alikuwa ametangulia mwaka 1965 kuanzisha kampuni ya uwekezaji ya Greylock kwa mfumo wa ubia, ambamo wasimamizi hugawana faida na wenye fedha.

Mfumo huo uliponya dhuluma ya malipo, na ulistahili kushinda. Ila ubia wa aina hiyo kwa kawaida huwekewa ukomo, mara nyingi miaka kumi, na hilo halikuwa dawa ya ugonjwa wowote wa ARD. Na miaka kumi ingekuwa mifupi: Digital iliendelea kupanda hata baada ya Doriot kuikabidhi ARD kwa Textron, na katika miaka ya 1980 ilikuwa ya pili baada ya IBM kati ya watengenezaji wa kompyuta.