Maji kichwani kwa wazee: operesheni ya mrija inasaidia kiasi gani?

Wengi wetu Mbeya na Iringa tukisikia maji kichwani tunafikiria watoto wachanga wenye vichwa vikubwa. Ipo aina inayowapata watu wazima, hasa waliovuka miaka 60. Kichwa cha mzee hakikui, kwa sababu mfupa umeshakomaa.

Ndani ya kichwa hutengenezwa karibu nusu lita ya maji kila siku, nayo hurudi kwenye damu. Yasiponyonywa vizuri, nafasi zilizo ndani ya ubongo hutanuka. Daktari Salomón Hakim wa Colombia aliueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1960. Huitwa wa presha ya kawaida kwa kuwa presha ya maji hayo ikipimwa mara nyingi haionekani kupanda. Hiyo si presha ya damu.

Dalili ni tatu:
- Kutembea kwa hatua fupi, kama miguu imenata chini. Mara nyingi hii hutangulia.
- Kushindwa kuzuia mkojo.
- Kusahau na kufikiri polepole.

Nyumbani husemwa ni uzee tu, au karogwa. Dalili hizi zinaweza pia kuletwa na kiharusi, kisukari au tezi dume, kwa hiyo vipimo ni lazima. Mgonjwa hupigwa picha ya CT-Scan au MRI. Kisha daktari huweza kutoa maji mgongoni, mililita 30 hadi 50, aone kama mwendo unabadilika.

Katika operesheni, mrija mwembamba wenye valvu hupitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, na maji hunyonywa huko.

Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulihusisha wagonjwa 99 ambao mwendo wao ulikuwa umeboreka baada ya kutolewa maji. Wote waliwekewa mrija, lakini nusu yao valvu ilifungwa kwanza. Baada ya miezi mitatu, waliofunguliwa walitembea kwa kasi zaidi, ongezeko la sentimita 23 kwa sekunde. Wenzao walipata 3. Walioanguka walikuwa 24 kati ya kila 100, dhidi ya 46. Kumbukumbu haikuonyesha tofauti ya wazi.

Hatari zipo: mrija kuziba, maambukizi, kichwa kuuma ukisimama, na damu kuvuja kichwani maji yakitoka kupita kiasi. Aliyewekewa mrija akipata homa, kutapika, usingizi mzito, au mwendo ukiharibika tena, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anzieni zahanati au kituo cha afya, mpate rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Upasuaji wa ubongo hufanyika pia MOI, Dar es Salaam. Kabla ya kuuza ng'ombe au shamba, muulizeni daktari: mzee wetu ana dalili zipi, na ipi tutarajie ipungue? Msichelewe, kwani mzee anayeanguka mara kwa mara anaweza kuvunjika nyonga kabla hajafika kwenye kipimo.