Chama na kiongozi anayesema "naumwa"



Nchi ninayoishi haina chama cha siasa hata kimoja, na labda ndiyo maana suala hili hunijia mara kwa mara. Julai 2020 Diwani ya Kifalme ilitangaza kuwa Mfalme Salman amelazwa hapa Riyadh kwa uvimbe wa kifuko cha nyongo. Mei 2024 ikatangaza tena, safari hii kutoka Jeddah, kuwa anatibiwa uvimbe wa mapafu katika Kasri la Al Salam. Mistari michache tu. Watu wakaomba dua, wakaendelea na shughuli zao. Mrithi anajulikana, kura hakuna, basi nani aupigie hesabu ugonjwa wa mzee?

Kwetu vyama vipo, na hesabu hupigwa. Swali langu ni hili: chama hupima nini pale kiongozi wake anapokiri udhaifu wa mwili au wa nafsi?

Tuanze na CCM. Novemba 2014 Rais Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Johns Hopkins, Baltimore. Ikulu ikatangaza, naye aliporudi akalizungumza mwenyewe na kuwahimiza wanaume wakapime. Jambo ambalo wazee wetu wangelizungumzia chini ya mto likasemwa hadharani, na chama hakikutikisika. Mwaka uliofuata kilishinda uchaguzi.

Sasa njooni 2021. Januari 31 ACT-Wazalendo kilitangaza kuwa mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona, yeye na mkewe. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Serikali ya Muungano ilikuwa imeacha kutoa takwimu tangu Mei 2020, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na Rais Magufuli alishasema nchi imeokoka. Kutamka neno lile kulihitaji moyo. Maalim alifariki Februari 17 Muhimbili. Chama kilimlilia kiongozi wake, lakini hakikuwa na uongo wa kufukia pamoja naye. Machi Othman Masoud akashika nafasi yake na serikali ya umoja ikaendelea.

Mwezi mmoja baadaye, siku kwa siku, tukapata msiba wa pili. Rais Magufuli hakuonekana hadharani tangu Februari 27. Machi 12 Waziri Mkuu Majaliwa, akiwa Njombe, aliwaambia watu kuwa Rais ni mzima anachapa kazi. Machi 17 Makamu wa Rais Samia akatangaza kifo, kwa maradhi ya moyo. Katikati hapo sisi wa Riyadh na Jeddah tulikesha na simu, kila mtu na "habari ya uhakika" yake.

Chama ni kilekile kilichokuwa na Kikwete, kwa hivyo tusiseme ni tabia ya CCM tu. Naona tofauti iko kwenye maneno yaliyotangulia. Kikwete hakuwahi kukanusha chochote. Mwaka 2021 umma ulikuwa umeshaaminishwa kwamba ugonjwa umekwisha, na neno "anaumwa", kwa maradhi yoyote yale, lisingepokewa bila kutiwa maana nyingine.

Ulaya nako ni hivyo hivyo. Charles Kennedy aliwapatia Liberal Democrats wa Uingereza viti 62 mwaka 2005. Kwa miaka alikanusha kuwa ana tatizo la pombe. Januari 5, 2006, baada ya kujua kuwa televisheni iko tayari kuitoa habari, akakiri. Siku mbili baadaye hakuwa kiongozi tena. Linganisheni na Kjell Magne Bondevik, Waziri Mkuu wa Norway. Agosti 1998 alisema wazi kuwa amepatwa na msongo wa akili, akapumzika wiki tatu na ushei huku waziri mwenzake akikaimu, akarudi kazini. Mwaka 2001 akawa Waziri Mkuu tena.

Kwa hiyo rai yangu: chama hakimwadhibu kiongozi kwa kuugua. Humwadhibu kwa gharama ya kukanusha kwa jana, na gharama hiyo hupanda kila siku ukweli unapocheleweshwa. Nani anaumia? Mgonjwa mwenyewe kwanza, anayenyimwa hata dua za watu wake, kisha wananchi wanaobaki na uvumi.

Dawa yake si ngumu. Katiba ya kila chama iseme nani anakaimu mwenyekiti akilazwa, kwa muda gani, na nani anatoa taarifa. Kiongozi akijua kiti chake kitamsubiri, atathubutu kusema "naumwa" mapema.

Mwenye kuona vingine alete hoja tubishane kwa hisani.

Wassalaam.